Taka za Mama Herminia

Kompyuta ya nyumba ile iliungwaungwa kutoka kompyuta tano zilizokufa, na Jumamosi hiyo iliamua kupiga muziki yenyewe. Idalmis alikuwa jikoni anakaanga ndizi aliposikia tarumbeta sebuleni. Akakimbia, akakuta mshale unazurura kwenye skrini bila mkono wa mtu, na mwanamke mwenye nguo haba anampongeza kwa kushinda gari.

"Osniel!" alimwita mdogo wake. "Njoo umsalimie mchumba wako!"

Osniel alikuja anajikuna tumbo. Yeye ndiye aliyekuwa akileta paketi ya wiki, ile diski ya filamu, tamthilia na mpira inayopita nyumba kwa nyumba, kila mtu akinakili anachotaka na kumpa jirani. Flashi yake haikubagua. Iliingia popote ilipokaribishwa.

"Ni kirusi kidogo tu, dada."

"Kidogo? Kinapiga tarumbeta!"

Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Saa kumi na moja mtaa mzima ungefika na viti. Mwaka uliotangulia umeme ulikatika mno hata watu wakakosa nusu ya tamthilia ya jioni, na Herminia, mama yao, mwenye miaka sabini na sita, akaanza kuwatungia vipindi vilivyowapita. Tamthilia ya televisheni ikaisha na hakuna aliyeuliza habari zake. Ya Herminia ikaendelea. Kila Jumamosi kompyuta ilisogezwa dirishani, naye akasoma kwenye skrini, watu wamejaa kibarazani mpaka barabarani.

Leo ilikuwa sura ya mwisho. Alikuwa ameiandika mwezi mzima kwa kidole kimoja, maana siku hizi kichwa chake kilikuwa kimeanza kumtupa. Alisahau sufuria motoni, alisahau majina ya wajukuu. Asichokiandika, kilikwenda na maji.

Kwa hiyo ilibidi kompyuta ipone, tena upesi. Idalmis alikunja mikono ya blauzi. Mwanamke huyu akipewa kitu cha kusafisha hulewa bila kunywa. Osniel akaanzisha programu ya kuua virusi, na kila kirusi kilipokamatwa walipiga kelele kama watu walioona goli.

"Kumi na tisa!"

"Ishirini! Ua, ua hicho!"

Vilifika arobaini na vitatu, na tarumbeta zikanyamaza. Wakahamia kwenye faili za muda, elfu kumi na moja na ushee, uchafu wa miaka ambao hakuna aliyejua umetoka wapi. Idalmis alizifuta huku akikata kiuno mbele ya skrini. Likabaki pipa la taka, limefura. Kompyuta ikauliza kama ana hakika. Nani asiye na hakika na taka? Akabofya ndiyo.

Herminia akaingia, miwani mkononi. "Mmemaliza? Nataka kuipitia sura yangu."

Akakaa, akafungua pipa la taka. Akalitazama. Akalifunga, akalifungua tena.

"Mama," sauti ya Idalmis ilitoka nyembamba, "uliiweka humo?"

"Ningeiweka wapi? Nje, Osniel aisome akatangaze nani anakufa? Nyumba hii takataka ndiyo mahali salama. Lini tumewahi kutupa kitu?"

Hapo alikuwa na haki kabisa. Chini ya sinki kulikuwa na sanduku la vifuniko visivyo na chupa, chupa zisizo na vifuniko, na mota ya feni iliyokufa kabla Osniel hajazaliwa. Ole wake aliyeligusa.

"Nimelimwaga mimi, mama. Nisamehe."

Herminia hakufoka, na afadhali angefoka. "Sikumbuki inavyoisha, Idalmis," alisema taratibu.

 Idalmis alikuwa amefagia kitu pekee ambacho mama yake hangeweza kukirudia.

Osniel alikuwa bado anasoma orodha ya virusi marehemu. "Dada, hiki namba thelathini na moja, kumbe ndicho kile kinachojinakili kwenye flashi pamoja na maandishi yote kinayoyakuta. Hata ya takani."

"Flashi yako jana ilikwenda wapi?"

Osniel akatazama dari. "Nyumba kumi na moja."

Idalmis alivuka barabara kwa kandambili moja, nyingine ikabaki mbele ya mkokoteni wa farasi. Fefa, jirani wa ng'ambo, alikuwa mlangoni anafuta kiti chake.

"Doña Fefa, flashi yako…"

"Sijasoma!"

"Sijakuuliza kama umesoma."

Fefa akawa mwekundu mpaka shingoni. Akaingiza mkono kifuani, akatoa flashi. "Tumesoma wote, mwanangu. Hata Eliecer mwenye farasi. Tumeapizana tusimwambie."

"Sasa viti vya nini?"

"Wewe nawe! Kusoma ni kusoma. Mimi nataka niisikie kwake."

Idalmis alimkumbatia nusura amwangushe. Flashi ikasafishwa kwanza, kirusi kikauawa mara ya pili, na sura ikarudishwa palepale takani. Herminia aliposikia imepatikana alibusu skrini, wala hakuuliza imepatikanaje.

Saa kumi na moja alianza. Daktari Anselmo alirudi, watu wakaguna. Leocadia alificha barua, watu wakapiga mapaja. Idalmis, amesimama nyuma ya mama yake, aliona midomo ya safu ya mbele ikitangulia maneno, akaomba Mungu macho ya mama yasifike mbali hivyo. Kisha Fefa akaangua kilio.

Herminia akashusha miwani. "Fefa, unalia nini? Anselmo ndiyo kwanza anapewa kahawa."

 Eliecer akavua kofia na kuangalia viatu vyake.

"Mmesoma," Herminia alisema. "Wote?"

 Idalmis alimshika mama yake bega, akidhani linatetemeka kwa uchungu. Lilikuwa linatetemeka kwa kicheko. Kikampasuka, kikamrukia Fefa, kikaenda mpaka kona ambako hata farasi aliinua kichwa.

"Izime hiyo takataka, Idalmis!" alisema akifuta macho. "Izime kabisa!"

Skrini ikawa nyeusi. Herminia akaegemea dirisha, hana hata karatasi.

"Anselmo akainua kikombe," alisema. "Akakinusa. Halafu akakirudisha mezani."

"Ee?" Fefa alikuwa ameshasimama. "Hanywi? Basi hafi?"

"Hanywi. Akamgeukia Leocadia."

Watu wakasogeza viti. Mama yule aliyesahau sufuria motoni alikuwa ameketi kashika mtaa mzima mkononi, shavu limemwiva kama la msichana.

"Akamwambia nini, mama?" Idalmis ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Ngoja kidogo," Herminia alisema. "Hata mimi nina hamu ya kujua."