Ampli ya Mbiu ya Pasaka

Tangu madaktari wamtoe uvimbe kooni, Élie hakuwa tena anaongea, alipumua maneno. Mtu huyu, kwa miaka mingi, ndiye aliyeimba Mbiu ya Pasaka katika kanisa lao la Bel-Air, Lubumbashi, usiku wa mkesha, peke yake mbele ya mshumaa mkubwa, watu wote wakiwa wamesimama kimya gizani. Mwaka huu padri alimwita pembeni akamwambia kwa upole: ukisikika, utaimba, usiposikika, kijana Ariel ataimba. Wakajaribu vyombo vya parokia. Walipovipandisha sauti ili vimnase Élie, vilipiga mluzi hadi akina mama wakaziba masikio.

Ndipo Élie alipokwenda kwa rafiki yake Constantin, fundi mstaafu wa simu za reli. Constantin alijifunza umeme katika masomo ya jioni, akiwa tayari baba wa watoto, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumsikia akisema kwamba kazi fulani imemshinda.

"Nitakutengenezea ampli yako weye mwenyewe," alimwambia. "Ata sisimizi akikohoa mbele yake, watamusikia mpaka kule Kipushi."

Akaitengeneza kweli. Alichukua plaki, bamba jembamba la shaba, akachora njia za umeme kwa rangi ya kucha ya mkewe Virginie, akaitumbukiza katika dawa inayokula shaba, na ilipotoka michoro yake ilikuwa imenyooka kama reli. Akalehemu vipande vyake kimoja kimoja. Spika akaiweka sebuleni na kipaza sauti akakivuta kwa waya mrefu hadi kwenye meza ya uani, ili ampli isijisikie yenyewe ikaanza mluzi. Alipoiunganisha na simu, muziki ulitoka safi. Alipohesabu mwenyewe, "un, deux, trois," sauti yake ikajaa nyumba nzima kama ya waziri.

Lakini kila Élie alipokuja, ampli iliugua. Spika ilitoa mkwaruzo mnene, kama mtu anayeburuta bati juu ya changarawe, na maneno ya Mbiu yakazama humo yasisikike.

"Ni courant," Constantin alisema. "Unakuya saa ya jioni, bamama bote banapika. Courant inashuka."

Nani angembishia? Lubumbashi, kitu kikiharibika, mtu wa kwanza kushitakiwa ni umeme. Constantin akaazima betri ya teksi ya jirani, akaufungia umeme wa mji nje ya habari hii. Élie akasimama mbele ya meza, akavuta pumzi, akaanza. Changarawe ileile.

Constantin akaanza kuwinda kasoro. Aligonga kila kiungo kwa kijiti cha mti, akisikiliza kama kuna kilicholegea. Akabadilisha kondensa. Akatilia shaka transista za sokoni, akapasua moja kwa msumeno, na ndani akakuta punje ndogo kama chembe ya chumvi, mahali ambapo palitakiwa kitu cha ukubwa wa ukucha. Feki! Alifurahi kama mtu aliyeshika mwizi. Akafungua redio zake za zamani kwa tournevis, akatoa transista za kweli, akazilehemu. Élie akaja. Changarawe.

"Ile diploma yako," Élie alimpumulia, akicheka kwa mabega tu, "balikupatia juu ya umeme, ao juu ya kulala usingizi darasani?"

"Funga kinywa. Utaimba Jumamosi."

"Minataka paka ile tu, Consta. Mara moja tu. Kisha banipatie kiti, nikae."

Juma Kuu likaingia. Siku ya Jumatano Élie alijaribu tena, ikawa vilevile, akaondoka kwenda kuungama. Constantin hakugusa kitu. Aliacha ampli katika nguvu ileile aliyompandishia rafiki yake, akapiga magoti sebuleni, sikio lake karibu na spika, akitafuta mkwaruzo unatokea upande gani.

Mkwaruzo haukuwapo. Badala yake alisikia mkaa ukipasuka. Kisha, taratibu na kwa uwazi kabisa, sauti ya mwanamke:

"...paka ampli, paka ampli. Meza ya kula, ameikamata. Rangi yangu ya kucha, ameimaliza. Ata bukari anakula na tournevis mukononi, huyu muzee..."

Virginie alikuwa ameinama kwenye mbabula yake ya mkaa, mbali na meza, akinung'unika chini ya pumzi yake. Na kila neno lilikuwa limefika sebuleni likiwa zima, mpaka mlio wa mwiko juu ya sufuria.

Constantin akatoka uani, akamwita mkewe kwa jina la binti yao.

"Mama Myriam, ulisema nini?"

"Miye? Sikusema kintu."

"Useme tena. Vile vile, polepole."

Virginie akataka kucheka, akauona uso wa mumewe, akaacha. Alikitazama kipaza sauti, akatazama mlango wa sebule, na polepole akaweka mwiko chini.

"Kumbe ni yeye," alisema. "Si kile kintu chako."

"Kintu changu iko muzuri," Constantin alijibu, na katika maisha yake yote hakuwahi kusikitika hivyo kwa kazi iliyotoka vizuri.

Ampli ilikuwa imesema kweli tangu siku ya kwanza. Changarawe ilikuwa kooni.

Élie alirudi kabla jua halijashuka.

"Umeipata?"

Constantin alisimama mlangoni. Alikuwa ameyatayarisha maneno mengine, lakini yaliyotoka ni haya: "Nimeshindwa, ndugu yangu."

"Weye?" Élie alimkazia macho. "Tangu ujana wetu unajivuna mbele ya bantu, na ni leo njo unashindwa? Leo?"

"Transista zote ni feki. Hakuna za kweli mu muji."

"Basi unipatie. Doudou iko pale sokoni. Yeye atajua."

Doudou alikuwa fundi mwaminifu. Angeiunganisha, angehesabu hadi tatu, nayo ingeimba. Kisha angemwambia Élie mbele ya wateja wake wote: papa, ampli haina ugonjwa.

"Ngoja niifunge," Constantin alisema.

Aliingia ndani, akafunga mlango. Waya mwekundu wa betri akaugusisha mahali pa mweusi, na mweusi mahali pa mwekundu. Moshi mwembamba ukapanda. Transista za redio zake zikapasuka moja baada ya nyingine, na njia zile zilizonyooka zikaungua na kubanduka. Aliiacha hivyo mpaka hakuna kilichobaki cha kuungua. Kisha akaizungushia kitambaa, akaileta nje.

Élie akaipokea, akaikumbatia kwapani.

"Iko moto," alipumua.

"Ndiyo. Uende mbio."

Élie akashika njia ya soko, akitembea haraka, kama mtu anayeogopa fundi atafunga duka.