Ushahidi wa Dada

Miaka kumi na minne fundi alikuwa akiishi ugenini, akibadilisha zipu na kupunguza suruali za watu. Mara mbili aliomba mkopo wa nyumba. Mara zote mbili benki ilimjibu vilevile: hana historia ya mikopo katika nchi hii. Hajawahi kukopa, kwa hiyo hakopesheki. Alicheka mbele ya karani, kisha akaenda kulia chooni.

Mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, alikuwa na miaka mitatu tu tangu aje kufanya kazi ya uuguzi. Fundi alimpangisha chumba cha nyuma katika nyumba aliyoipanga yeye mwenyewe, na kila mwisho wa mwezi Kitinda alilipa kodi bila kukumbushwa.

Jioni moja akaingia kwenye chumba cha kushonea, hata viatu hajavua.

"Dada, benki imenikubalia! Nanunua fleti mbili, zile za juu ya duka la dawa. Moja nitakaa, nyingine nitapangisha."

Mguu wa fundi ukaganda juu ya kanyagio la cherehani. "Bila historia ya mikopo?"

"Kuna dalali kanifumbua macho. Si benki zote zinazoidai. Iko moja inakopesha wageni, mradi utoe asilimia arobaini ya bei mwenyewe, uonyeshe mkataba wa kazi na taarifa za akaunti yako ya kule nyumbani. Riba iko juu kidogo, lakini mpangaji atanisaidia kuilipa. Kimebaki kitu kimoja: anayenipangisha awathibitishie kwamba silimbikizi kodi." Akamkumbatia kwa nyuma. "Na anayenipangisha ni wewe! Watakupigia."

"Wapige tu," fundi akasema, akitabasamu kwa meno peke yake.

Kesho yake alipita mbele ya zile fleti. Moja ilikuwa na roshani inayopata jua la asubuhi. Alisimama ng'ambo ya barabara mpaka mwenye duka mmoja akamwuliza kama amepotea. Wivu haukumjia kwa kishindo. Ulikuwa kama sindano iliyopotea kitandani: hujui iko wapi, ila kila ukijigeuza inakuchoma. Nani aliyemtangulia mwenzake kufika hapa? Nani aliyemtumia nauli?

Siku ya nne simu ikaita. Afisa mikopo hakujua kwamba anaongea na dada mtu.

"Mama, tunahakiki tu. Mpangaji wako analipa kodi kwa wakati?"

Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja. "Analipa," akasema. Kisha maneno mengine yakamtoka: "Ila huchelewa. Miezi mingine hutoa nusu."

"Asante kwa ukweli wako," afisa akasema.

Siku mbili baadaye Kitinda alirudi akaketi sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa, akiwa bado na sare yake ya kazini.

"Wamenikatalia. Eti kodi naibabaisha. Dada, wamenichanganya na mtu mwingine. Twende wote ukawaambie, wewe watakusikiliza."

Fundi alikuwa ametegemea kuona raha. Hakuiona. Aliona mdogo wake hana hata chembe ya shaka, na hilo lilimuuma kuliko roshani.

"Hawajakuchanganya," akasema. "Ni mimi niliyesema."

Kitinda akainua uso. "Umesema nini?"

"Kwamba unachelewa kulipa."

"Nilichelewa lini?"

"Hujawahi."

"Sasa kwa nini, dada?"

"Kijicho, mdogo wangu. Sina jina jingine la kukiita."

Kitinda aliinuka, akaingia chumbani kwake, na fundi akasikia kitasa kikizungushwa.

Asubuhi fundi alibeba kitabu cha risiti akaenda benki kukanusha maneno yake mwenyewe. Afisa alivua miwani, akamsikiliza bila kumkatiza, akakagua risiti zote thelathini na sita. Alikubali kufungua faili upya, lakini akaonya kwamba itachukua wiki tatu. Muuzaji hakuwa na subira hiyo. Fleti yenye roshani ikachukuliwa na mtu mwingine, na Kitinda akapata ile ya nyuma, inayotazama maegesho ya magari.

Siku ya kuhama alibeba masanduku yake mwenyewe. Mlangoni akamwachia dada yake kikaratasi chenye namba ya simu ya dalali.

"Ungeniambia tu kwamba unataka nyumba na wewe," akasema. "Ningekupeleka."

Miezi mitatu ilipita kabla hajamkaribisha. Fundi alikuta nyumba safi, jiko jipya, na madirisha yaliyovalishwa mapazia yaliyoshonwa na fundi mwingine. Pindo zilikuwa zimekwenda upande. Aliziona alipoketi tu, mikono ikamwasha, lakini akapokea chai, akaulizia habari za kazini, na Kitinda akamjibu kwa heshima, kama anavyomjibu mgonjwa.