Kifuniko cha Mkebe

Nilitaka Kipyego aaibike mbele ya watu. Si kwa chifu, si nyumbani kwa chai na wazee wakitikisa vichwa. Mbele ya watu wote, kama nilivyoaibika mimi.

Kipyego ni kaka mkubwa wa mume wangu, na amekuwa mwenyekiti wa chama chetu cha maziwa tangu watoto wangu wakiwa wachanga. Mwaka huu nilijitokeza kugombea kiti chake. Sikumaliza wiki kabla maziwa yangu hayajaanza kurudishwa. Karani alichovya kipimo kwenye mkebe wangu, akakitazama, akanitazama, kisha akasema kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni, "Mama Chebet, hii iko na maji."

Huku kwetu watu wanaweza kumsamehe mlevi, hata mwizi wa kuku. Lakini mtu wa kutia maji kwenye maziwa hakuna mwanamke atakayemwachia kibuyu chake akishike. Kanisani Cheptiret, mama niliyekaa naye miaka yote alihamia benchi lingine, tena bila hata kuniangalia. Nilirudi nyumbani nikalia jikoni mpaka Dennis, mume wangu, akaja kunipangusa machozi kwa kiganja chake. Akaniambia niachane na mambo ya uongozi kwa sababu yananikondesha.

Sikuachana nayo. Nilitega simu. Ilikuwa mpya, Chebet wangu aliniletea kutoka mjini. Asubuhi moja niliificha kwenye ua wa michongoma, ikitazama lile jukwaa la mbao kando ya barabara ambapo mikebe husubiri gari la chama. Dennis ndiye huibeba hadi pale, kisha anarudi kunywa chai. Nilipoifungua video baadaye, sauti nimeizima ili Dennis asisikie, nikamwona Kipyego na koti lake la kijivu, jagi la plastiki mkononi, anamimina maji kwenye mkebe wangu bila haraka yoyote. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilidhani anaimba, maana Kipyego huimba hata akinawa uso.

Sikumwambia Dennis. Nilijua angeniomba nimwonee huruma kaka yake, na huruma sikuwa nayo. Kwa hiyo sauti sikuiwasha kamwe, nikawa naitazama ile video zizini, ng'ombe wakitafuna, nikichekelea peke yangu. Sitadanganya, ilinipa raha. Kila nilipomwona akiinamisha lile jagi nilimwambia, subiri tu.

Mkutano mkuu ulifanyika Eldoret, katika ukumbi wa kanisa moja pale Kimumu, kwa sababu wana projekta. Ilipofika zamu ya uchaguzi, Kipyego alisimama akakunja uso wa huzuni.

"Shemeji yangu ni mtu mzuri," akasema. "Lakini mambo ya maziwa yake mnayajua. Mimi naona jina lake lisipigiwe kura, tumpunguzie aibu."

Nikainua mkono. Nikasema kabla hamjaliondoa jina langu, nina video ya kuwaonyesha. Dennis, aliyekaa kando yangu, alinivuta sketi. "Video gani?"

"Ngoja uone," nikamwambia.

Lorraine, katibu wa chama, aliihamisha video kwa waya kutoka simu yangu hadi kwenye laptop ya chama, akabonyeza. Ukuta ukawa mweusi tititi. Tulisikia ndege, trekta ikipita mbali, kisha kitu kama maji yanamiminika. Picha hakuna.

"Sasa hiyo ni nini?" Kipyego akauliza. "Mvua?"

Ukumbi ukacheka. Wiki zote zile nilizosubiri, na sasa nimesimama mbele ya ukuta mweusi nikichekwa na watu walewale walionikwepa.

Lorraine aliifunga, akaifungua tena. Weusi uleule. "Simu yako ni mpya, Mama," akaniambia. "Inabana picha na njia mpya, na hii laptop ni ya kitambo, haijui kuifungua. Sauti inaijua. Picha ndio inakataa."

"Basi itafanyika aje?"

"Wacha nidownload player ingine. Bundles ziko."

Watu wa nyuma wakalalamika kwamba hawasikii kitu, basi akachomeka zile spika za kwaya, akaiacha video icheze huku yeye akihangaika na mtandao. Sauti ikatoka safi, ikajaza ukumbi. Ndege. Trekta. Maji. Halafu mtu akasema, "Hii itatosha."

Kicheko kikakatika. Hakuna mtu pale ambaye hakuijua sauti ya mwenyekiti wake.

"Zima hiyo kitu," Kipyego akasema. "Sauti si ushahidi. Mtu anaweza kuiga."

"Bado natafuta picha, Chairman," Lorraine akajibu bila kuinua macho, na video ikaendelea.

Ndipo nikasikia nisichowahi kukisikia zizini.

"Ongeza kidogo. Jana karani alikuwa na wasiwasi." Hiyo haikuwa sauti ya Kipyego. Ilikuwa na ule mkwaruzo wa asubuhi ninaousikia kila siku nikiwasha moto. "Akishinda huyu, mimi nitaitwaje? Bwana ya chairlady? Si watanicheka mpaka Kesses."

"Hawezi shinda," Kipyego akamjibu. "Shika kifuniko vizuri."

Sikugeuka mara moja. Hasira ilipanda mpaka machozi yakanitoka, na nilichukia kwamba yananitoka. Alinipangusa machozi, yule. Alisimama jikoni kwangu akanipangusa machozi ya maji aliyotia yeye. Nilipomtazama, Dennis alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mama, imekubali," Lorraine akasema. Sasa hata yeye alikuwa ameelewa, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Picha iko. Nicheze ama niwache?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Dennis akanishika mkono. "Mama Chebet, tafadhali," akanong'ona. "Tumalizie hii nyumbani."

Nilifikiria nyumbani. Nilifikiria chai ninayompikia, na lile benchi kanisani. Nikauondoa mkono wangu.

"Cheza," nikasema. "Anzia mwanzo."

Kipyego alitokea ukutani mkubwa kuliko alivyo, koti, jagi, kila kitu. Lakini mimi nilikuwa naangalia pembeni mwa picha. Kwenye simu nilikuwa nimekiona kile kifuniko cha mkebe, nikadhani kimewekwa juu ya mbao. Ukutani kilikuwa kama sinia ya harusi, na kulikuwa na vidole vimekishika, na kidole gumba kilikuwa na ukucha mweusi. Dennis aliugonga na nyundo akirekebisha zizi langu.

Kipyego alitoka kwa mlango wa kando kabla video haijaisha. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyemfuata.

Lorraine akaita kura. Wanaomkubali Rael Chebii, ndiye mimi, wainue mikono. Ikainuliwa mingi, na yule mama wa kanisani aliinua wa kwanza, nikamwona na sikumtabasamia. Dennis alikuwa ameficha kiganja kimoja ndani ya kingine, mapajani.

Sikushusha sauti. "Inua mkono, Dennis. Si ulitaka kujua utaitwaje?"

Mabenchi ya mbele yakageuka. Lorraine alikuwa ameacha kuhesabu, anangoja. Mimi pia nilingoja, na ningengoja hadi jioni.

Akauinua polepole, ule wenye ukucha mweusi. Lorraine akauhesabu pamoja na mingine.