Dakika Kumi na Nne za Bwana Hale

Anayechelewa hukimbia, na timu nzima hukimbia naye: dakika moja, raundi moja. Hapakuwa na binti katika timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Tallow Creek aliyehitaji kuelezwa sheria hiyo mara mbili. Raundi ilikuwa kutoka mwisho wa uwanja hadi mstari wa karibu na kurudi, hadi wa kati na kurudi, hadi wa mbali na kurudi, kisha hadi mwisho wa pili na kurudi. Na kila mstari sharti uguswe kwa kiganja. Aliyeitunga ni Verlene Stokes, kocha msaidizi, miaka ishirini na miwili iliyopita.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika sita. Mabinti kumi na watatu walikuwa wameketi sakafuni katikati ya uwanja. Bwana Hale, mkurugenzi wa michezo, aliyewaita yeye mwenyewe kwa saa tisa kamili, alikuwa hajafika.

"Sita," alisema Keziah Broussard, nahodha wao. "Angekuwa mmoja wetu, saa hizi tungekuwa tunatapika."

"Yule?" alidakia Rochelle. "Raundi moja tu, unaita gari la wagonjwa."

Wakacheka. Verlene hakucheka. Alikuwa ameteremka garini muda mfupi uliopita, na miguu yake ilikuwa bado ikitetemeka kwa mtikiso wa barabara. Maili mia nne, kwenda na kurudi, ili kumtazama binti mmoja mrefu wa mji wa pamba. Na mafuta yalitoka mfukoni mwake, kwa kuwa bajeti ya usajili ya timu ya wanawake ilikuwa imekwisha tangu Januari. Makocha wa wavulana walikodiwa ndege. Yeye alikuwa na gari lisilo na kipasha joto, mkate na soseji, na daftari.

Katika daftari hilo hakuandika urefu na mabao tu. Aliandika pia ya nyumbani: mama wa huyu hufanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kuku, asipigiwe simu kabla ya adhuhuri. Kwenye ukurasa wa Keziah palikuwa na maneno haya: "Bibi yake hasikii sikio la kushoto. Kaa kulia."

Naye alikaa kulia. Miaka miwili iliyopita, mbele ya bakuli la mchuzi wa kamba na bamia, alimwambia bibi huyo neno alilotumwa na Bwana Hale: siku chuo kitakapoanza kuwalipa wachezaji, mabinti watalipwa sawa na wavulana wa kikapu. Bibi alimtaka alirudie. Akalirudia. Vyuo viwili vikubwa vilikuwa vikimtaka mjukuu yule, na kwa neno hilo akaja Tallow Creek.

Saa tisa na dakika kumi na nne mlango ulifunguliwa. Bwana Hale alikatiza uwanja akiwa na viatu vyake vigumu, juu ya sakafu ambayo hata fundi wa taa huivulia viatu.

"Mabinti zangu! Samahani, kikao kilirefuka, na kuna ndege inanisubiri. Nitasema kwa kifupi. Kwanza, hapa sisi sote ni timu moja." Akapiga makofi peke yake. "Malipo yanaanza Julai. Katika kila dola mia, tisini na tano zitaenda kwa futiboli ya Kimarekani na kikapu cha wavulana. Dola tatu, timu nyingine. Ninyi, mbili."

"Mbili kila mtu?" aliuliza Rochelle.

"Mbili kwa timu nzima."

"Aa, basi tutanunua karanga."

"Hiyo ndege inakwenda wapi?" aliuliza Verlene.

"Memphis. Kuna kijana tunamtaka."

"Memphis ni saa mbili kwa gari."

"Verlene, hii ni biashara. Wavulana ndio wanaoleta watu."

"Jumamosi watu walisimama kwenye ngazi humu ndani kuwatazama hawa. Wavulana wako walicheza mbele ya viti vitupu."

"Tusifanye haya mbele ya watoto."

Keziah alisimama. Hakumtazama mkurugenzi. "Kocha. Bibi alikuuliza mara mbili. Mimi nilikuwa naosha vyombo, nikasikia. Ulisema sawa."

"Nilisema sawa." Verlene akamgeukia Hale. "Na neno hilo ulinipa wewe, ofisini kwako."

"Nilisema tutajitahidi."

"Hukusema hivyo."

"Una karatasi?"

Hakuwa na karatasi. Damu ilimpanda hadi masikioni, akalibana daftari mpaka jalada likapinda.

"Bwana Hale," alisema Keziah kwa upole wa kutisha, "umesema sisi ni timu moja?"

"Kabisa, binti yangu."

"Basi unadaiwa raundi kumi na nne."

Aliitazama saa, akacheka, akatafuta mtu wa kucheka naye. "Mna utani ninyi!" Kisha akaondoka, ko, ko, ko, hadi mlangoni, akatoka.

Hapo mlangoni palikuwa na begi kubwa la Keziah.

"Kuna chuo kingine kinanipigia simu tangu asubuhi," alisema Keziah. "Bibi anasubiri jibu langu."

"Utamwambia nini?"

"Sijui, Kocha. Ningependa kumwambia kwamba hapa mtu akivunja neno, kuna kitu kinampata."

Verlene aliweka daftari na filimbi kwenye benchi. Akavua viatu, akavipanga pamoja, akaenda kusimama mwisho wa uwanja.

"Kocha, lile goti lako bovu!" alisema Keziah.

"Goti halikumwahidi bibi yako kitu. Ni mdomo."

Mabinti wakainuka wajipange kando yake.

"Kaeni."

"Sheria inasema timu nzima," alisema Rochelle.

"Sheria ni yangu. Leo analipa mmoja. Aliyelipeleka neno ni mimi."

Akakimbia. Raundi nne za kwanza alizikimbia kwa hasira, akiupiga kila mstari kama anayegonga mlango uliofungwa. Katika ya sita goti lilianza kumsaliti. Katika ya nane alikuwa akichechemea.

"Tisa," alisema Keziah. Hakulisema kwa huruma. Alihesabu kama angemhesabia yeyote. "Huo mstari hujaugusa, Kocha."

Verlene akarudi, akaugusa.

"Kumi. Kumi na moja."

Katika ya mwisho aliuweka mkono kwenye mstari na hakuweza kuuinua mara moja.

"Kumi na nne," alisema Keziah. "Imelipwa."

Simu ilianza kuita ndani ya begi. Keziah hakwenda kuipokea; alisimama palepale. Kutoka mlangoni hadi katikati ya uwanja sakafu ilikuwa na michubuko myeusi ya viatu vya Hale. Kando yake, nyayo za jasho zilikwenda na kurudi, na zile za mwanzo zilikuwa zimeanza kukauka.