Kiti cha Patron katika Chumba cha Phonie

Watu wakiniuliza habari za Sefu wa Barumbu, wanaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. "Yule wa kuku!" Ndiyo, yule wa kuku. Bon, kaeni niwaambie, na nikimaliza mcheke tena kama mtaweza.

Mimi ndiye niliyekuwa nikishika phonie ya kampuni hapa Kisangani. Kampuni ya kahawa, zamani ilikuwa ya Mgiriki, kisha serikali ikawarudishia wananchi, ndiyo kusema ikampa Citoyen Kasongo peke yake. Phonie ni redio ya kusemeshana na vituo vya mbali: unabonyeza kitufe unasema, ukimaliza unasema "à vous", zamu yenu, unaachia unasikia; ukifunga kabisa, "terminé". Simu hakuna, barabara ni matope, basi kila jioni vituo vinaingia hewani, Barumbu kule chini ya mto, Bafwasende kwenye njia ya mashariki, wanataja magunia, mazut ya mashine iliyobaki, nani mgonjwa. Mimi naandika. Jina langu Adèle. Kwenye karatasi za serikali jina hilo lilikuwa limekatazwa pamoja na majina yote ya kizungu, lakini hewani hakuna aliyeniita vingine.

Kazi ikiisha, tulikuwa na mchezo wetu. Tuliuita Académie. Sheria yake moja tu: ukitaja shida, lazima ueleze kwa loi, yaani kanuni, ya fizikia. Ukilalamika tu kama mtu wa kawaida, umeanguka, tunakuzomea. Sote tulikuwa tumesoma kidogo. Alfani wa Bafwasende alikuwa fundi wa jenereta. Sefu alifika mwaka wa pili wa fizikia kwenye kampasi ya hapa hapa mjini, ndipo baba yake akafa, akaacha masomo akatafuta kazi. Mimi nilikuwa na diplome ya masista na hasira.

Siku moja Alfani akaingia hewani amechoka. "Lori yetu iko inasimama kwenye barrière ya basoda wenye bunduki tangu juzi, wanataka kula kitu. À vous."

Sefu akajibu kwa sauti ya mwalimu, taratibu, na yale makelele ya hewa nyuma yake. "Kitu kyenye kusimama kitabaki kinasimama mpaka nguvu ikisukume. Ile nguvu tunaipima na newton. Lakini, citoyens, Newton ni jina ya kizungu, tumeshaikataza. Donc, tangu leo tutapima nguvu na kuku. Kuku moja inasukuma baiskeli kwenye barrière. Kuku mbili inasukuma lori. Kama ni mukubwa wa serikali ndiye anafunga njia, munabadilisha unité ya kipimo, munatumia mbuzi."

Mama eh! Alfani alisahau kuachia kitufe chake, tukabaki tunamsikia akicheka na kukohoa kule Bafwasende. Na ilikuwa kila siku hivyo. Chumvi ikikosekana Barumbu, Sefu anasema haikukwisha, imegeuka mvuke bila kupitia vinywani mwetu. Taa zikizimika, anasema nuru ni kitu chenye mbio kuliko vyote, ndiyo maana Barumbu umeme ulipita na hakuna mtu aliyeuona.

Sasa, patron, ndiye Citoyen Kasongo mwenye kampuni, alikuwa akipita kwenye korido jioni moja, akasimama mlangoni kwangu. Sefu alikuwa anaeleza kwamba karibu na kitu kizito sana saa inatembea polepole, wataalamu wamepima, na ndiyo maana ukingoja mbele ya mlango wa Citoyen Directeur asubuhi haiishi. Nikashtuka, nikashika kitufe nimkate. Citoyen Kasongo, na lile tumbo lake ndani ya abacost, lile koti la wakubwa lisilo na tai, akacheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake planton, tarishi wa ofisi, akaleta kiti kutoka salon ya nyumba yake, kiti kizito cha mito miekundu, akakiweka katikati ya chumba changu. Nikaanza kufanya kazi nikipita pembeni kama mgeni.

Baadaye alikuja na wageni, na bière, na karanga. Wanakaa wanasema, "Mama, tufungulie Barumbu." Nikasikia pia kwamba kwenye sherehe za Parti, chama cha serikali, anasimulia ile ya kuku kama yake. Sikushangaa. Kampuni yenyewe alisimulia kama yake.

Nieleze shida ya Sefu. Mke wake Aziza alikuwa amemzalia watoto, akabaki mmoja tu, Nyota, na Nyota alikuwa na ule ugonjwa wa damu, selimundu, wanaouita SS. Crise ikimshika, mifupa inamuuma analia mpaka sauti inakwisha, na damu inapungua ghafla. Kule kwao kulikuwa na dispensaire ya aspirini. Frigo ya damu ya kuongezewa iko Kisangani. Walimleta mara mbili kwa baleinière, ile boti ya mbao ya mizigo, siku na siku kwenye maji wakipanda mto, na mara ya pili Nyota alifika macho yamegeuka. Daktari akamwambia Aziza wazi: "Mama, huyu mutoto akae karibu na damu. Mara ya tatu hatafika." Lakini ukae wapi, ule nini? Nyumba ya kampuni na bon ya hospitali, ile karatasi ya kutibiwa bure, vilikuwa vya wafanyakazi wa mjini peke yao. Mtu wa kituo cha mbali, famili yake ni ya huko huko.

Mwaka ule mzee wetu wa dépôt ya Kabondo, ghala la hapa mjini, akaenda pensheni. Nafasi wazi! Nyumba iko nyuma ya dépôt, hospitali unakwenda kwa miguu. Nikamwita Sefu saa ya mchana, saa patron anakula, tukaandika pamoja ombi la mutation, ahamishiwe mjini, yeye akisema, mimi nikipiga machine ya chapa. Hakuchekesha hata neno moja. Nililipeleka mwenyewe mpaka mezani.

Patron akasoma, akaweka chini.

"Sefu? Akuje hapa? Na jioni mimi nitasikiliza nini?"

"Patron, atakuwa Kabondo, pale pale. Utamwita hata kwako nyumbani, akuchekeshe uso kwa uso."

"Aka! Mutu ukishamuona uso, imekwisha. Kenye kunifurahisha ni ile sauti inatoka mbali, na ile makelele." Akatia karatasi ndani ya tiroir ya meza yake. "Nitaona."

Mnajua "nitaona" ya wakubwa. Nilitoka pale damu inachemka. Mtu ana mtoto anataka kuishi, na mwingine anataka kusikia makelele ya hewa!

Mchana nikamwita Sefu. Nikamwambia, "Sikia, tonton Sefu. Anakushikilia kwa sababu unamufurahisha. Uache kuchekesha. Utaje magunia, utaje mazut, ufunge. Akichoka na wewe, atasaini."

"Na kama akichoka na mie, akinifukuza? Aziza na mutoto watakula nini?"

"Hatakufukuza. Kahawa yako inafika kila mara."

"Bien reçu, nimesikia," akasema.

Jioni hiyo Citoyen Kasongo alikuwa na wageni wawili, wakubwa wenye beji za Parti, ule mwenge, kifuani. Sefu akaingia. Magunia haya, mazut hii, terminé. Patron akainama mbele kwenye kiti, mdomo nusu wazi, anangoja. Nikafurahi moyoni, nikasema leo ni leo. Alfani, Mungu amsamehe, hakujua mpango wetu, akabonyeza huko Bafwasende: "Citoyens, attention! Barumbu amefika zéro absolu, baridi ya mwisho! Hata molekuli haitikisike!" Basi, chumba kizima kikalipuka. Mgeni mmoja akamwaga bière kwenye rejista yangu. Patron akafuta macho, anasema, "Munaona? Hata akinyamaza, anachekesha! Huyu mutu ni wa pekee."

Nikamsema Alfani siku iliyofuata mpaka akaomba radhi mara tatu. Kwa siku nyingi kidogo wote wawili walinyamaza. Patron alianza kukasirika, akaniambia nimwulize Barumbu kama bado anataka kazi. Niliuliza, kwa sababu nililipwa kuuliza. Jioni ile Sefu alileta loi ya Archimède: mfanyakazi akizamishwa ndani ya bière, anapoteza uzito ulio sawa na mshahara wake. Walicheka sana. Mimi nilisikia sauti yake ilivyokauka, nikaangalia dirishani.

Halafu msimu wa mvua ukaingia, na Nyota akashikwa tena. Sefu hakungoja mchana. Aliingia saa ya Académie, patron yuko kwenye kiti chake, wageni wamejaa mpaka mlangoni.

"Citoyen Directeur, ni mie Sefu. Najua unanisikia. Mutoto yangu iko anakufa. Naomba mutation ya Kabondo. Naomba hors-bord ya kampuni, ile boti ya mota, imufate leo. À vous."

Yale makelele tu. Wageni walimwangalia patron, patron aliangalia redio akitabasamu, kidole juu, kama mtu anayesubiri mwisho wa utani.

"Alors?" akasema, akachukua micro mkononi mwangu. "Ni loi gani, Barumbu? À vous."

"Hakuna loi, patron. Iko anakufa tu."

Wakacheka. Nawaapia mbele ya Mungu, walicheka! Mwanamke mmoja alipiga makofi. Nikasimama, nikasema kwa nguvu, "Patron, huyu mutu hafanye mchezo! Mutoto ni mugonjwa kweli, unajua, uko na karatasi yake ndani ya tiroir!"

Citoyen Kasongo akanigeukia, na hapo nikaona kwamba alikuwa ameelewa tangu neno la kwanza. Macho yake hayakuwa yanacheka. Lakini wageni walikuwa wamefurahi, na yeye hakutaka furaha yao iharibike kwa ajili ya hors-bord.

"Citoyenne, weye haunaka humour," akasema. Kisha kwenye micro: "Très bon, Barumbu, très bon! Baleinière itapita mwisho wa mwezi. Terminé." Akamimina bière.

Nililia pale pale, nikiwa nimekaa mbele ya ile redio, na mmoja wao akaniuliza kama ni mafua.

Nyota hakungoja baleinière. Asubuhi ya pili Sefu aliingia hewani saa isiyo ya kazi. Nilikuwa peke yangu. Akataja magunia. Akataja mazut. Kisha akasema, "Nyota ametuacha alfajiri. Tunamuzika leo. Uandike, Adèle." Niliandika. Alfani alikuwa anasikia kule Bafwasende, nikasikia kitufe chake kinabonyezwa, kinaachiwa, kinabonyezwa tena. Mwisho alisoma Fatiha, kwa sababu yeye na Sefu ni Waislamu, na mimi Mkatoliki nikafanya ishara ya msalaba. Ndiyo ibada ya mwisho ya Académie yetu.

Toka siku ile Sefu alifanya kazi vizuri kuliko mtu yeyote. Magunia, mazut, terminé. Patron alikuja na wageni mara ya kwanza, mara ya pili. Alimtumia pole kupitia kwangu, ndiyo, siwezi kumsingizia, na sanduku la makayabu, samaki wa chumvi, kwa matanga. Kisha akangoja achekeshwe. Alimwita yeye mwenyewe kwenye micro, "Barumbu, kuku ngapi leo?" na Sefu akamjibu, "Kuku hakuna, patron. Kahawa magunia sitini. Terminé." Wageni wakaanza kutazama saa zao. Baadaye hawakuja tena, na planton akarudisha kiti salon.

Wiki iliyofuata patron aliniita ofisini. Tiroir ilikuwa wazi. Alikuwa na ile karatasi mbele yake, ile niliyoipiga kwa mikono yangu, na alikuwa ameshasaini.

"Mupe mutation yake," akasema. "Kule Barumbu nitatia mutu mwingine, mwenye kuwa na maisha kidogo. Huyu amekuwa bure kabisa."

Nilitaka kumtupia machine usoni. Nilisema, "Oui, patron," nikatoka, nikaenda kukaa mbele ya redio. Kisha nikamwita Sefu, nikamsomea: dépôt ya Kabondo, nyumba, bon ya hospitali kwa famili, kuanzia mwezi ujao. Nikaachia kitufe.

Alibonyeza chake.

"Adèle, umushukuru Citoyen Directeur," akasema. "Lakini Aziza hawezi toka hapa. Kila asubuhi anaenda kukaa na mutoto pale kaburini, anapalilia, anamusemesha. Nikimwambia tunaenda Kisangani, kwenye hospitali, atanielewa namna gani? Hiyo kazi ampe mutu mwingine."

Nikarudi ofisini, nikatoa jibu lote, neno kwa neno, na kaburi na mama wa mtoto na yote, nikiwa nimemkazia macho. Citoyen Kasongo alisikiliza akivunja karanga. Akatikisa kichwa, akasikitika kweli, kama mtu aliyetendewa ubaya.

"Unaona batu hawa?" akaniambia. "Wanalia wanataka. Unawapa, wanakataa."

Kisha akaniambia kwenye ile nafasi ya Kabondo niandike jina la mtoto wa dada yake, na nikaandika.