Choki, Vuta Nusu

Arasa alifundishwa pikipiki na baba yake kule Nyamira, ambako asubuhi mtu akiongea mvuke unamtoka mdomoni, na kuhusu kuwasha aliambiwa jambo moja tu: choki vuta yote. Kile kijiti cha ubavuni mwa kabureta kikiinuliwa hadi mwisho, hewa hupungua, petroli huzidi, na injini iliyolala na baridi huamka. Arasa aliishika amri hiyo kama alivyoishika Sabato. Alipohamia Uriri, ambako saa kumi na mbili asubuhi watu wanapiga mswaki nje na fulana, alikuja nayo, na akaendelea kuvuta yote.

Matokeo yake wapangaji wa plot nzima waliyajua. Anapiga kiki, kimya. Anapiga tena, kimya. Ikifika ya ishirini, harufu ya petroli imeingia hadi vyumbani mwa watu, na mzee wa miaka hamsini na minane anahema kando ya kreti mbili za mikate ambayo maduka ya Masara yanaisubiri. Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu pikipiki ilikuwa imepumzika Sabato nzima pamoja na mwenyewe. Hapo ndipo mlango wa chumba cha nne ulipofunguka, na Pamela akatoka amejifunga leso kiunoni.

Pamela alikuwa mjane, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Majirani walimwita nyar Karungu, binti wa Karungu, maana alizaliwa huko kando ya ziwa. Arasa alimwita mama Tony. Pamela hakuwa na maneno mengi. Aliweka mikono kwenye kreti, akauliza Arasa ameamkaje, akaanza kusukuma.

Kutoka mlango wa Arasa hadi geti ni hatua kama arobaini, na katika hatua hizo Arasa aliongea kuliko alivyoongea siku nzima iliyobaki. Alisikia habari za magoti ya Pamela, na za mwanawe Tony aliyeko Nairobi ambaye simu yake ni ya Krismasi tu. Naye alimweleza habari za Edinah, mkewe, aliyemzika Nyamira kabla ya kufunga nyumba na kuja huku kusikojaa sauti yake. Wakifika getini anaachia klachi, injini inakohoa, inashika. Arasa anageuka, anainua mkono. Pamela anainua wake. Basi, hadi kesho.

Msije mkauliza kwa nini hawakuongea jioni. Jioni mjane hagongi mlango wa mwanamume anayeishi peke yake, na mzee wa kanisa hasimami mlangoni pa mjane, la sivyo plot itapata kazi ya kufanya mwezi mzima. Lakini pikipiki iliyokataa kuwaka ni ya kila mtu. Anayeisukuma hana la kuulizwa. Arasa alijua hivyo, ingawa hakuwahi kujisemea, na kila alipopika ugali wake wa mtu mmoja alikuwa anaingoja asubuhi.

Jumanne moja, kule Masara, pikipiki ilizima na kukataa kabisa. Fundi Wesley alifungua plagi akaikuta nyeusi, inachuruzika petroli. Alimuuliza mzee anawashaje. Arasa alipoeleza, Wesley alicheka hadi akakaa chini. Alisema hapa si milimani. Injini inazama kwa petroli kila asubuhi, choki avute nusu tu, na ikishika airudishe.

Jumatano Arasa alivuta nusu. Kiki moja, ikawaka. Alifurahi mtu mzima yule, furaha ya aibu kidogo, ya kijana aliyefaulu mtihani. Alipopita chumba cha nne mlango ulikuwa ndio kwanza unafunguka. Alipiga honi. Alhamisi ikawaka tena, na Pamela alikuwa amesimama mlangoni na leso yake, mkono juu. Arasa alidhani ni salamu. Ijumaa alimkuta getini kabisa, ameshika mfuko wa plastiki, naye akapiga honi mara mbili ili Pamela aone jinsi chombo kilivyopona, akapita na mikate yake.

Kusema kweli, tangu Jumatano jioni alikuwa anahisi kitu kimepungua. Jumamosi alishinda kanisani, akarudi jua likizama, akakaa kitandani na viatu miguuni. Akagundua kwamba kwa siku nne hakuna mtu aliyemuuliza ameamkaje. Alikuwa anatamani kumwona Pamela. Alijiambia wazi hivyo, na moyo ukamuuma kama wiki za kwanza baada ya Edinah.

Jumapili alitoka na kreti zake, akatazama kushoto na kulia kama mwizi, akainua choki hadi mwisho. Akapiga kiki. Akapiga ishirini. Petroli ikanuka vizuri kabisa. Akasimama akihema kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akisubiri mlango.

Aliyetoka ni Javan, mkaanga mandazi wa chumba cha kwanza.

"Mzee, unangoja nyar Karungu? Alienda Ijumaa. Dada yake ameanza kuanika omena huko Karungu, akamwita wafanye pamoja. Chumba amerudisha."

Arasa alitazama chumba cha nne. Kilikuwa na kufuli jipya, la mwenye plot.

"Hakuniaga," alisema.

"Alikuwa anataka kukuaga asubuhi, wakati wa kusukuma. Siku tatu anatoka, na wewe unapiga honi tu unaenda." Javan aliingia ndani, akarudi na ule mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na omena iliyokauka vizuri. "Akasema nikupe hii. Na nikwambie hiyo choki uwe unavuta nusu. Marehemu bwanake alikuwa bodaboda. Yeye mwenyewe alijua hiyo shida yako tangu siku ya kwanza ulihamia hapa."

Arasa aliushika mfuko kwa mikono miwili. Tangu siku ya kwanza. Miaka miwili, magoti mabovu, hatua arobaini kila asubuhi, na neno moja ambalo lingemaliza kazi hiyo Pamela hakulitamka.

Javan alimpa namba ya simu na kurudi kwenye mafuta yake. Arasa alisimama nayo kwa muda mrefu. Mtu hupiga simu akiwa na sababu. Mwishowe alitazama pikipiki, akaona sababu anayo.

"Mama Tony," alisema, "imekataa kuwaka."

Nyuma ya Pamela kulikuwa na sauti za wanawake, na ndege wa ziwani.

"Umevuta yote?"

"Yote."

Sauti za wanawake zikafifia, kama za mtu aliyesogea kando.

"Na si Javan alikwambia?"

"Aliniambia."

"Sasa mimi nitakusukuma aje na niko huku, baba?" alisema Pamela, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Arasa alimwomba asikate, akatia simu mfukoni mwa shati, akashusha choki, akatia gia ya pili na kushika klachi. Akasukuma peke yake, kreti zikimvuta nyuma, akihesabu hatua kwa sauti ili asikike. Hatua mbili kabla ya geti aliachia klachi. Injini ilikohoa, ikashika.

Aligeuka, akainua mkono kwa mazoea, kisha akaitoa simu. Salio lilikuwa limeisha, simu imekatika, na hakujua kama Pamela aliwahi kusikia ikiwaka.