Mkono Mpaka Chini ya Gunia

Filamu ya Jumamosi iliyopita ilikuwa ya Wachina wa kuruka. Nimeipa jani la tatu. Wanaruka vizuri, siwezi kuwanyima hiyo, lakini mtu akishachapa watu arobaini bila hata kukohoa, mimi nachoka. Ya kabla ya hapo ilikuwa ya mapenzi, ya Wanigeria, chifu tajiri na msichana muuza ndizi. Jani gumu. Chifu analia juu ya masikini tangu mwanzo hadi mwisho. Nina miaka sitini na nne, nimeona machifu saba, na sijaona aliyelia. Ile ya mashetani, ya nyumba inayojifungua milango, niliirudisha nyumbani. Shetani gani huyo anangoja watu walale? Wetu wanakuja mchana, kwa gari la serikali. Lakini ya Wahindi, ya ndugu wawili waliopotezana sokoni wakiwa watoto, hiyo ilikuwa mbili na chipukizi. Nililia na sikujificha.

Okello ana kibanda cha video nyuma ya soko la Litein, mabati matupu, mabenchi sita na televisheni kubwa kama mlango. Kila Jumamosi saa nane mimi naangalia, nikitoka naandika daraja kwenye ubao wa mlangoni, na wale wa saa kumi wanasoma kabla ya kuingia. Kwa hiyo watu wananiita Karani. Asiyejua anadhani nilikuwa karani wa kweli. Mimi niliishia darasa la nne. Chaki nimeishika zaidi uzeeni kuliko shuleni.

Na haya madaraja si yangu. Ni ya marehemu mke wangu, Rebeccah.

Tulichuma chai pamoja miaka ishirini na mbili kwenye shamba kubwa la kampuni, upande wa Kericho. Siku hizo kulikuwa na ukumbi wa wafanyakazi, na Jumamosi tukishapima majani tulionyeshwa filamu. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili giza liingie, shuka la kitanda likatundikwa ukutani, na ukumbi wote ulinuka majani mabichi na jasho na mahindi ya kuchoma. Baba yake Okello, Mzee Amolo, mtu wa boila kiwandani, alisimama kando ya shuka akitafsiri. Alitafsiri Kiingereza, alitafsiri Kichina, alitafsiri Kihindi, na hakujua hata kimoja. Mhindi anaimba dakika tano nzima akizunguka mti, Mzee Amolo anasema, "Anasema anampenda, lakini ng'ombe hana." Ukumbi wote chini kwa kicheko. Rebeccah alicheka mpaka akanishika goti asianguke kwenye benchi.

Siku moja tukitoka nikamuuliza, "Mama Fancy, umeionaje hiyo?"

"Mbili na chipukizi," akasema.

Kila mchumaji anajua. Majani mawili na chipukizi katikati, hiyo ndiyo chai yenyewe. Jani la tatu linapita kama karani wa mizani ameamka vizuri. Jani gumu linafanya akuangalie kama mwizi. Na gunia likiwa baya kabisa anakwambia rudisha nyumbani. Tangu siku hiyo hatukuwahi kusema filamu nzuri au mbaya. Tuliipima.

Naye alikuwa na sheria yake. Kuna wachumaji wajanja wanaoweka majani laini juu na magumu chini. Karani anayejua kazi hadanganywi na yale ya juu. Anakunja mkono wa shati na kuuingiza mpaka chini ya gunia. Basi mimi nikianza kuiponda filamu kabla haijaisha, Rebeccah ananifinya. "Umefika chini? Hujafika. Nyamaza."

Halafu wakubwa wakaleta mashine za kuchuma. Sisi tukapewa barua. Ule ukumbi sasa ndimo mashine zinamolala, zimefunikwa turubai, mahali tulipokuwa tunakaa watu. Tulirudi kwenye kiploti chetu karibu na Litein, michai yetu michache na ng'ombe mmoja, na Jumamosi tukawa watu wa kibanda cha Okello.

Na wakubwa kama hao ndio waliomuua mke wangu. Nimelisema hilo sokoni, kanisani, kwenye kituo cha majani, na nalisema tena. Miaka mitatu iliyopita, Jumamosi moja tuliyobaki nyumbani, kifua kilimbana. Tulifika zahanati tukakuta kufuli. Nesi na gari la wagonjwa walikuwa wamechukuliwa kwenda kupamba mkutano wa mheshimiwa. Mpaka tufike hospitali ya mjini ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na Jumapili alfajiri hakuwepo. Kwenye mazishi mheshimiwa alikuja na kofia yake kutupa pole. Nilimnyang'anya kipaza sauti, nikamwambia aende na pole yake. Watu walipiga makofi. Fancy peke yake hakupiga.

Fancy ni binti yetu, wa pekee. Anakaa Nakuru, anapiga video za harusi na mazishi. Baada ya watu kuondoka siku ile aliniuliza, "Baba, na sisi je?" Nilienda kukama ng'ombe. Tangu hapo akipiga simu anaulizia ng'ombe tu.

Sasa mwezi uliopita Okello akanijia kituoni nikipima majani. "Karani," akasema, "Fancy ametengeneza filamu. Ya kuigiza. Dakika hamsini. Anataka ionyeshwe kwangu Jumamosi."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Anakuogopa, mzee. Amesema hivi: baba aje, aipime kama anavyopima nyingine. Asiongeze, asipunguze."

Hiyo Jumamosi nilivaa koti la mazishi. Nilitaka mtoto wangu apate mbili na chipukizi, bila mimi kudanganya. Fancy alikuwa amesimama nyuma karibu na swichi, mwembamba, mikono imekunjwa. "Chamgei, Baba," akanisalimu. Nikamwitikia, nikakaa mbele kabisa.

Ikaanza. Ukungu juu ya michai. Mikono ya mwanamke inachuma. Amejifunga aproni ya nailoni na kikapu mgongoni, anaongea na wenzake kuhusu filamu aliyoona Jumamosi. Watu kibandani wakacheka. Halafu wakaonyesha ukumbi, magunia madirishani, na kijana mmoja akiigiza Mzee Amolo, "Anasema anampenda, lakini ng'ombe hana!" Okello akapiga mabati kwa furaha. Mimi nilishaandika daraja moyoni.

Ndipo ikaja nyumba. Jumamosi baada ya chakula. Mzee amekaa mbele ya televisheni, filamu ya wachunga ng'ombe wa Kizungu wanaopigana risasi. Mkewe anatokea kwenye mlango wa jikoni, ameshika kifua.

"Baba Fancy, hapa pananibana."

Mzee anageuza kichwa, anamtazama. "Ngoja hii iishe kidogo, tuende."

Sikungoja zaidi. Nilisimama, nikagonga benchi, nikatoka. Jua la nje lilinipiga machoni. Nikachukua chaki, nikaandika kwa herufi kubwa: RUDISHA NYUMBANI.

Janeffer, yule anayekaanga mandazi mlangoni, alisoma ubao, akaniangalia, akasoma tena. "Heh! Karani, bado naisikia ikilia huko ndani. Leo mkono umeutoa mapema."

"Wewe kaanga mandazi yako."

"Nakaanga. Lakini hata andazi huwa naligeuza upande wa pili kabla sijalitupa."

Nikaenda kukaa kwenye gogo nyuma ya kibanda. Wale wa saa kumi wakaanza kufika. Niliwaona wanasoma ubao wangu, wanacheka kidogo, wanageuka. Watatu. Watano. Hawakuuliza. Karani amesema.

Fancy akatoka kunitafuta. Hakulia, na ingekuwa rahisi kama angelia.

"Ilikuwaje filamu yangu, Baba?"

"Unaniaibisha mbele ya Litein nzima. Mimi ndiye nilifunga zahanati? Mimi ndiye nilibeba nesi kwenye mkutano?"

"Kufuli liko ndani ya filamu. Mkutano uko. Mheshimiwa yuko, na kofia. Ungekaa ungewaona wote."

"Basi hao ndio ungeanza nao."

"Nimeanza palipoanzia." Akaangalia chini. "Mama alinipigia simu jioni ile kutoka hospitali. Hukujua?"

Sikujua.

"Hakukulaumu. Alikuwa anacheka. Alinisimulia kitu. Kiko mwisho, na hukufika mwisho."

Akarudi ndani.

Nilibaki pale kwenye gogo. Sasa niseme lile ambalo sijawahi kusema sokoni wala kanisani. Dakika arobaini. Rebeccah aliponiambia kifua kinabana, filamu ilikuwa na dakika arobaini zimebaki, na nilizimaliza zote. Ile filamu naikumbuka kila risasi. Jani gumu tena, si la maana hata kidogo. Wakubwa wana dhambi zao na siwapunguzii hata moja. Ila kila nikiwasomea dhambi hizo nilianzia kwenye kufuli. Sikuwahi kuanzia jikoni. Miaka mitatu nimewawekea watu majani laini juu ya gunia.

Niliingia kibandani. Wa saa nane walikwishatoka, wa saa kumi hawakuingia, ndani Okello na Fancy tu na mabenchi sita matupu, kazi ya chaki yangu.

"Okello, iweke tena."

"Karani, hakuna watu."

"Mimi si mtu?"

Okello akamtazama Fancy. Fancy akabonyeza.

Safari hii nilikaa. Ilipofika jikoni nilishika benchi kwa mikono miwili, pakapita. Mama anaketi karibu na meko, peke yake, anangoja. Risasi zinasikika kutoka upande wa pili. Fancy alikuwa ameacha kamera hapo kwa muda mrefu sana, mimi nikitamani mtu aingie. Halafu bodaboda, watatu juu ya pikipiki moja, mwendeshaji mbele, mama katikati, mzee nyuma amemshika kiuno asianguke. Kufuli la zahanati, kubwa, limejaa kioo chote. Kofia ya mheshimiwa na watu wanacheza ngoma, na nesi amesimama juani akishika mwavuli wa mtu. Pikipiki inageuka kwenda mjini.

Na hapo barabarani, kati ya michai, mama anauliza bila kugeuka, "Na hiyo filamu iliishaje?"

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau. Aliniuliza kweli. Nami nilimsimulia sikioni, upepo unapuliza, kwa sauti ya Mzee Amolo, nikibadilisha maneno. Mzungu anasema amepigwa risasi, lakini mtu asimwambie mama yake. Mzungu anasema farasi ni wa mkopo. Mzee wa kwenye filamu aliyasema yote, neno kwa neno, na mama akacheka ameshika kifua, akamshika goti, akasema, "Jani gumu hiyo. Sikukosa kitu."

Ikaishia hapo. Hakuna hospitali, hakuna jeneza. Barabara tu na kicheko.

Fancy alikuja akakaa benchi langu, si karibu sana. "Sema daraja, Baba. Usiongeze, usipunguze."

Nilijipangusa uso kwa mkono wa koti. "Kuna kosa."

"Lipi?"

"Yule mzee wako. Mkewe aliposema pananibana, aligeuza kichwa akamtazama."

"Ndiyo."

"Mimi sikugeuka."

Nje mafuta ya Janeffer yalikuwa yanachemka.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilimjibu nikiangalia televisheni. Mama yako aliongea na kisogo changu. Hapo umenihurumia, umeweka laini juu. Rekebisha."

Alinitazama sana. Mara ya mwisho kunitazama hivyo alikuwa na miaka kumi, nikimtoa mwiba mguuni. "Nitarekebisha," akasema.

"Na huyo mama anachuma kwa kucha. Nani alimfundisha? Jani linakufa ukilikata kwa kucha. Unalivunja kwa vidole, hivi, linalia tap."

"Ni mwalimu wa Bomet, Baba, hajawahi kuchuma maishani mwake."

"Inaonekana! Mlete kwangu Jumatatu. Nitamfundisha mpaka mgongo umuume."

Fancy akacheka. Kicheko kile kile, kinaanzia puani. Nikatazama pembeni kidogo, kisha nikageuza kichwa nikamtazama vizuri.

Tukatoka. Nilifuta ubao kwa kiganja, nikaandika: JANI LA TATU. KUNA KITU KATIKATI CHA KUREKEBISHA. MWISHO NI MBILI NA CHIPUKIZI. Herufi za mwisho zilijikunja kwa sababu ubao uliisha.

Janeffer akasimama na kijiko chake cha kuepulia. "Wewe mzee una roho gani? Mtoto wako mwenyewe unampa la tatu?"

"Nimefika chini."

"Na huko chini umepata nini?"

"Ingia uone. Zima hayo mafuta kwanza."

Akaepua mandazi ya mwisho, akafunika karai, akaingia. Nyuma yake wakaja wawili waliokuwa wamegeuka mwanzo, halafu watu wa maziwa, halafu mwendesha bodaboda na kofia yake ya chuma mkononi. Okello akaniuliza kama nataka kuiona mara ya tatu.

Nikamwambia ndiyo. Fancy alikuwa ameniwekea nafasi kwenye benchi, karibu safari hii.